Prosesa za gemu: AMD yaipiku Intel, mitumba yahitaji tahadhari

MNUNUZI wa kompyuta ya gemu hukutana na majina mawili sokoni: Intel, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1968, na AMD, iliyofuata mwaka mmoja baadaye. Kwa miaka mingi muuzaji hakuhitaji maelezo marefu. Alitaja Intel, fedha ikatoka. Hali hiyo ilianza kubadilika Machi 2017, AMD ilipoingiza sokoni prosesa za Ryzen.

Nguvu ya AMD katika gemu inatokana na kumbukumbu ya akiba iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Gemu huita data ile ile mara kwa mara, na ikiwa karibu, prosesa haisubiri kuifuata kwenye RAM. Ryzen 7 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 479, ina megabaiti 96 za akiba hiyo ya ngazi ya tatu. Core Ultra 9 285K ya Intel, iliyotangulia wiki mbili kwa dola 589, ina 36. Katika gemu nyingi, iliyo rahisi ndiyo iliyoshinda. Anayehariri video pia ana sababu ya kuitazama Intel.

Hata hivyo, mwenye fedha kidogo asizimalizie kwenye prosesa. Picha inapokuwa kubwa na yenye maelezo mengi, kinachokwamisha ni kadi ya picha, na tofauti ya prosesa hizi karibu haionekani.

Tahadhari kubwa ni kwa wanaonunua au kuagiza mitumba. Prosesa nyingi za Intel Core za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na kasoro: zilijipatia volti kupita kiasi, zikachakaa na kuzimisha gemu ovyo. Agosti 2024 Intel ilitoa marekebisho ya BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia uharibifu. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo kompyuta ya kizazi hicho inayouzwa kwa bei ya kutupa iulizwe historia yake, na ichezeshwe gemu nzito saa nzima dukani kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Kwa mwenye kufikiria hisa: Intel ilisimamisha gawio kuanzia robo ya mwisho ya 2024, nayo AMD hutegemea viwanda vya TSMC ya Taiwan kutengeneza prosesa zake.