Monica Puig na Dhahabu ya Kwanza ya Puerto Rico

Tarehe 13 Agosti 2016, jijini Rio de Janeiro, Puerto Rico ilipata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Medali zake nane za awali zilikuwa za fedha na shaba, zote za wanaume. Aliyeleta dhahabu hiyo ni mcheza tenisi Monica Puig, wa 34 kwa ubora duniani, ambaye katika fainali alimshinda Angelique Kerber wa Ujerumani, wa pili duniani, kwa seti 6-4, 4-6, 6-1.

Puerto Rico si nchi huru. Ni eneo lililo chini ya Marekani, na wenyeji wake ni raia wa Marekani. Hata hivyo, kamati yake ya Olimpiki inatambuliwa kimataifa, na tangu mwaka 1948 kisiwa hicho kimekuwa na timu yake. Kwa hiyo mchezaji huweza kuchagua. Gigi Fernández, mzaliwa wa San Juan, alitwaa dhahabu ya wawili wawili mwaka 1992 na 1996, lakini zote zilihesabiwa kwa Marekani. Puig, aliyezaliwa San Juan na kukulia Miami, alichagua kisiwa.

Nje ya Olimpiki, rekodi yake ni ya kawaida: taji moja tu la WTA, la Strasbourg mwaka 2014. Baadaye majeraha ya kiwiko na bega yalimlazimu kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Alistaafu Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 28.