Je, Wajua? Si Kila Jiko ni la Plagi

Kenya hutumia stima ya volti 240, na plagi yetu ya pini tatu hubeba ampea 13 tu, yaani takriban wati 3,100. Basi nyumbani, birika la wati 2,000 au friji huchomekwa kwenye soketi bila shida. Lakini jiko la umeme la wati 7,000, lenye meko manne na oveni, huvuta karibu ampea 29! Hilo huungwa moja kwa moja kwa waya wake mnene na swichi yake ukutani. Ukiona plagi imebadilika rangi au inanuka plastiki iliyoungua, zima stima, kisha mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini.