Uti wa Mgongo Uliopinda: Kipimo Kimoja Hakitoshi

Mtu aupimaye mto Ruvu mara moja tu, wakati wa kiangazi, hawezi kudai kwamba anaujua. Maji yashukayo kutoka milima ya Uluguru huwa haba mwezi wa Septemba, na hufurika wakati wa masika. Uti wa mgongo uliopinda nao hutaka kupimwa tena na tena.

Uti ulionyooka, ukitazamwa kwa nyuma, hufuata mstari mmoja toka shingoni hadi kiunoni. Ukipinda upande, hali hiyo huitwa skoliosisi, na mara nyingi hugunduliwa wakati wa kubalehe. Huenda mtu akadhani kwamba huletwa na mizigo ya ndizi na mboga ishushwayo kutoka Mgeta na Matombo. Sivyo. Kwa vijana walio wengi chanzo hasa hakijulikani, ingawa urithi una sehemu yake.

Mwaka 1948 daktari Mmarekani, John Cobb, alieleza njia ya kupima hali hiyo. Katika picha ya eksirei huchaguliwa pingili mbili zilizoinama kupita zote, moja juu ya pindo na moja chini yake. Mstari mmoja hufuata uso wa juu wa pingili ya juu, na mwingine uso wa chini wa pingili ya chini. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo ndiyo kipimo. Ikifika nyuzi 10, ni skoliosisi.

Picha hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kwani akilala pindo hupungua. Tena, tofauti isiyozidi nyuzi 5 yaweza kuwa kosa la upimaji tu. Lakini pembe ikitoka nyuzi 22 hadi 30, pindo limeongezeka kweli.

Mtoto arefukaye upesi huweza kubadilika sana kwa miezi michache. Ukuaji ukikoma, pindo lisilozidi nyuzi 30 kwa kawaida hutulia. Lililopita nyuzi 50 huendelea kuongezeka, kwa wastani wa karibu uzi 1 kila mwaka. Kwa hiyo mpasuaji hategemei picha ya zamani: pingili atakazoziunga kwa vyuma huchaguliwa kwa kipimo kipya.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa mwaka 1996, iko Dar es Salaam, karibu kilomita 200 kutoka Morogoro. Kutafuta nauli na kungoja zamu huchukua muda, na muda huo mgongo wa kijana haungoji. Pindo la nyuzi 25 kwa kijana anayekua laweza kuzuiliwa kwa kizibao kigumu. Likifika nyuzi 50, kwa kawaida hushauriwa upasuaji.

Hatua ya kwanza haihitaji mashine. Mwanafunzi huinama mbele, miguu pamoja, mikono ikining'inia. Ikiwa upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko wa pili, apelekwe kwa daktari mapema, angali akikua.