Waya si Shaba Peke Yake

Juma lililopita nyumbani kwangu Ujiji tulikoswakoswa na moto. Waya wa ndani ya jiko letu la umeme ulikuwa umekatika, fundi akaunga kipande cha waya wa kawaida, ule wa kutandaza nyumbani. Siku ya tatu mama watoto akasikia harufu ya plastiki. Tulipolifungua jiko, ganda la waya lilikuwa limeyeyuka kama mshumaa na shaba i wazi, imebakiza kidogo tu iguse bati. Ingegusa, aliyeshika sufuria angepigwa na umeme.

Kosa halikuwa la shaba. Shaba kazi yake kupitisha umeme. Ganda kazi yake kuuzuia usitoke njiani. Ganda la nyaya za nyumba zetu ni plastiki iitwayo PVC. Ni ya bei nafuu, nayo kwa taa na redio yatosha kabisa. Lakini PVC ya kawaida hutengenezwa kuhimili joto la nyuzi 70 za Sentigredi tu. Maji ya chai yenyewe huchemka karibu na nyuzi 100, sembuse koili ya jiko!

Kwa mahali penye moto mkali ziko plastiki za ukoo mwingine, zenye fluorini. Mkubwa wao ni PTFE, aliyegunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na mkemia wa Marekani, Roy Plunkett. Wengi wanamjua kwa jina la Teflon, kwenye vikaango visivyoganda chakula. Huhimili nyuzi 260, na mafuta ya injini hayamdhuru. Ila ni laini. Akibanwa muda mrefu hubonyea, na kumtengeneza ni kazi ngumu kwa kuwa hakubali kuyeyushwa na kumiminwa kama plastiki nyingine.

Mdogo wake, FEP, huyeyushwa kwa urahisi, lakini kikomo chake ni nyuzi 200. Wa tatu, ETFE, huishia nyuzi 150, ila ni mgumu kukwaruzika. Ndiyo maana hutumika hata kwenye ndege. Basi penye joto kuu, PTFE. Penye msuguano na mtikisiko, ETFE. Wote ni ghali kuliko PVC, kwa hiyo kuwaweka kwenye taa ya sebuleni ni kutupa fedha.

Tahadhari moja. Wako vijana wanaochoma nyaya wapate shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Moshi wa PVC una asidi inayounguza mapafu, na wa hizi za fluorini una sumu kali zaidi. Wazazi, tuwakataze.

Nawe ukimwita fundi, usimuulize bei peke yake. Muulize: "Waya huu unahimili nyuzi ngapi?" Akishindwa kujibu, mwambie asubiri kwanza. Wahenga walisema rahisi ghali, nami nililipia jiko mara mbili.