Baiskeli Milimani: Jinsi ya Kupata Njia Nakuru na Kupanga Safari ya Kikundi

Asubuhi ya Jumamosi, pale unapoacha barabara ya Moi South Lake kuelekea lango la Elsa, Naivasha, utakuta baiskeli zimepangwa kando ya barabara zikingoja wateja. Wengi wanaozikodi ni wageni. Sisi wakaazi tunapita hapo kwa matatu tukielekea shughuli zetu, ilhali njia zinazowavuta wageni hao ziko nyumbani kwetu, na nyingine nyingi zaidi hazijawahi kuwekwa kwenye bango lolote.

Siku hizi vijana wengi wa kaunti wananunua baiskeli za milimani, hasa za mitumba, na vikundi vya wikendi vinaongezeka. Hilo ni jambo zuri. Hata hivyo, maswali tunayosikia ni yale yale: tupite wapi, tuombe ruhusa kwa nani, na tutajipanga vipi ili wote tuliotoka pamoja turudi pamoja?

Njia ni ya nani?

Hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu njia mbili zinazofanana kabisa kwa macho zaweza kuwa chini ya sheria tofauti.

Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambako mtu anaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli bila gari. Ada hulipwa kwa njia ya kidijitali, kwa hivyo usifike langoni na noti mfukoni ukadhani zitatosha. Angalia kiwango cha ada kabla hamjatoka, na mkubaliane kama kila mtu atajilipia au mmoja atawalipia wote. Mbuga ya Ziwa Nakuru nayo iko chini ya shirika hilo hilo, lakini ina simba na vifaru, na si mahali pa kuingia na baiskeli yako isipokuwa kwa hafla maalum. Wengi huuliza pia kuhusu Longonot. Njia ya kupanda mlima ule ni ya miguu. Ukitaka kuuona ukiwa kwenye baiskeli, barabara za vumbi zilizo chini yake zinatosha.

Misitu ya serikali, kama Menengai na Eburru, iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, ambayo hushirikiana na vyama vya kijamii vya misitu. Zungumzeni na ofisi ya msitu siku kadhaa kabla ya safari. Msitu wa Eburru umezungushiwa uzio wa umeme tangu 2014, kwa hivyo huwezi kujiingilia popote upendapo. Ni lazima ujue lango lilipo na ni nani anayelifungua.

Barabara nyingi za vumbi za vijijini ni za umma, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umepita. Shida huanza mahali barabara inapoisha na kijia cha shamba kinapoanza. Kijia kinachopita kati ya mahindi ya mtu si cha umma kwa sababu tu wewe umekiona kwenye simu. Karibu na visima vya mvuke vya Olkaria na Menengai, heshimuni mabango na walinzi hata kama barabara inaonekana wazi. Pale kuna mabomba yenye joto kali na magari mazito ya kazi.

Simu inajua kidogo, mchungaji anajua zaidi

Programu za simu kama Strava na Komoot huonyesha mahali ambapo wengine wamewahi kupita. Ni mwanzo mzuri. Unaweza kuona urefu wa njia, mahali inapopanda na mahali inapoteremka, na ukapakua ramani ili itumike hata pasipo mtandao. Mstari ule kwenye kioo, hata hivyo, haukuambii kama aliyepita aliruhusiwa, wala kama njia ingalipo.

Katika kaunti yetu hilo la pili si dogo. Sehemu kubwa ya udongo wa Bonde la Ufa huku kwetu ni jivu la volkano. Kiangazi ni vumbi laini linalomeza tairi. Mvua ikinyesha, maji hulikata kama kisu. Kijia ulichopita Februari bila kushuka kwenye baiskeli chaweza kuwa mtaro wa kina cha kiuno kufikia Mei. Ramani haijui mvua ya wiki jana.

Anayejua ni mtu wa hapo. Muulize mchungaji, kwa kuwa anafuata njia hizo kila siku na anajua nyati wanakunywa maji wapi. Muulize anayepeleka maziwa kwa baiskeli alfajiri. Huyo amekwisha kupima kila mwinuko kwa magoti yake. Muulize fundi wa baiskeli sokoni, kwa maana yeye huona matairi yaliyotoka kila upande na anaweza kukuambia ni wapi kuna miiba ya mgunga na ni wapi mawe yanapasua. Afisi ya chifu itakueleza kuhusu usalama. Maswali hayo yote yanagharimu asubuhi moja na pengine vikombe viwili vya chai.

Kabla ya kupeleka kikundi, watu wawili au watatu waipite njia yote kwanza. Waandike mahali penye maji, mahali mtandao unapokatika, na mahali ambapo gari linaweza kufika mtu akiumia. Hilo la mwisho husahaulika mno.

Kwa wanaoanza, barabara ya kutoka lango la Elsa hadi karibu na korongo la Ol Njorowa ni ya upole, pana, na inapita chini ya majabali ukiwatazama pundamilia na kongoni. Wenye mapafu wanaweza kujaribu Buffalo Circuit, ambayo ina vilima na mchanga. Walio mjini Nakuru wana Menengai: mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na ukingo wa kreta unafika mita 2,278, kwa hivyo ni mpando wa zaidi ya mita 400 usiokupa nafasi ya kupumzika. Nendeni huko kwa kikundi, mchana, na msiachane. Mawe ya lava yana makali. Tairi lililolika halitarudi salama.

Hesabu ya aliye nyuma

Makosa mengi ya safari za kikundi yanatokana na jambo moja: mpangaji huwa ndiye mwenye nguvu zaidi, na hupanga kwa kasi yake mwenyewe. Panga kwa kasi ya anayekuja mwisho.

Tuseme mko 12, na wawili ndio kwanza wanajifunza kutumia gia. Kutoka barabara kuu hadi korongo na kurudi ni kama kilomita 20. Kwenye vumbi, pamoja na kusubiriana, kikundi kama hicho kitaenda kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Hayo ni saa mbili hadi mbili na nusu. Pancha moja huwasimamisha wote kwa dakika 15 au 20, na kwa miiba ya kwetu wekeni hesabu ya tatu. Ongeza picha pale Fischer's Tower, ongeza chakula, ongeza matembezi ya korongoni. Mmefika saa tano. Mkianza saa mbili asubuhi, saa saba mchana mmemaliza. Mkianza saa sita mchana kwa kuwa fulani alichelewa Nairobi, mtakuwa njiani saa kumi na moja jioni, lango linafungwa saa kumi na mbili, na mawingu ya alasiri yameshajikusanya.

Kwa hivyo wekeni saa ya kugeuka na mkubaliane juu yake kabla ya kuanza. Ikifika, mnageuka, hata kama mwisho wa njia unaonekana.

Mmoja aongoze na mwingine afunge mkia. Anayefunga mkia hampiti mtu yeyote, kwa sababu yoyote, na ndiye anayebeba pampu, tyubu za akiba na vifaa vya pancha. Kila njia panda, aliye mbele anasimama hadi amwone wa mwisho. Na wa mwisho akifika, msiondoke papo hapo. Huyo ndiye anayehitaji kupumzika, ninyi mmekwisha pumzika mkimngoja. Wanawake wengi wametueleza kwamba huendesha baiskeli pale tu wanapopata kikundi, kwa ajili ya usalama. Kikundi kinachomwacha mtu peke yake msituni hakijamsaidia.

Kila mtu awe na helmeti, maji yasiyopungua lita mbili, na kitu cha kula. Baiskeli ya kukodi ikaguliwe kabla ya kulipa: bana breki zote mbili huku ukiisukuma, zungusha pedali uone kama cheni inaruka, bonyeza matairi. Usione haya kurudisha ya kwanza na kuomba nyingine.

Korongo, nyati na mama mwenye kuni

Korongo la Ol Njorowa linapendeza, lakini limewahi kuua. Mafuriko ya ghafla yalichukua maisha ya vijana mwaka 2012, na tena ya watalii na kiongozi wao Septemba 2019. Mvua haihitaji kunyesha juu ya kichwa chako. Inaweza kunyesha mbali, upande wa juu, na maji yakaja kwa kasi kati ya kuta ambazo huwezi kuzipanda. Baiskeli huachwa juu, na watu hushuka kwa miguu wakiwa na kiongozi. Ulizeni askari wa wanyamapori kama korongo limefunguliwa siku hiyo. Wakisema halijafunguliwa, au mkiona mawingu meusi upande wowote, msishuke. Asiwepo wa kusema tumelipa pesa zetu.

Mkikutana na nyati, simameni mbali, kusanyikeni pamoja, msipige kelele wala kengele, na rudini nyuma polepole hadi aondoke. Dume aliye peke yake ni hatari kuliko kundi zima. Twiga hawana neno, ila msiwafukuze kwa ajili ya video.

Watu nao wana haki zao njiani. Ukimkuta mama amebeba kuni mgongoni kwenye kijia chembamba, shuka umpishe. Yeye hawezi kukwepa na mzigo ule. Ukikuta mifugo, punguza mwendo na usalimie mapema ili mchungaji ajue unakuja. Ng'ombe wakitawanyika, ni yeye atakayeshinda akiwakusanya. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Vijia vingine hufungwa kwa sababu ya kikundi kimoja tu kilichopita vibaya, na wanaofuata hawaelezwi kwa nini.

Kabla ya kuondoka, andikeni majina yote na nambari ya ndugu wa kila mmoja, na nakala iachwe kwa mtu asiyekwenda, pamoja na njia mtakayopita na saa ya kurudi. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199. Ukipiga, taja kwanza mahali ulipo kwa jina ambalo watu wa hapo wanalijua, kisha hali ya majeruhi. Mkirudi, hesabuneni, na mtu yule aliyebaki na majina apigiwe simu.

Na kama njiani mmekuta barabara ya kaunti imekatwa na maji au daraja limebomoka, pigeni picha, andikeni jina la kijiji na alama iliyo karibu, na mlipeleke jambo hilo kwa msimamizi wa wadi husika. Waendesha baiskeli hufika mahali ambapo magari ya afisi hayafiki kila wiki.