Kimondo cha Thika, zaha ya Mirihi na maji ya kisima chako

Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Julai 2011, mshindo ulisikika angani karibu na Thika na mawe yakaangukia mashambani. Vipande vilivyookotwa vilizidi kilo 10 kwa jumla. Siku mbili baadaye, usiku wa manane, kimondo kingine kiliwaka juu ya jangwa la Moroko, karibu na Tissint. Mtu angedhani ni ndugu. La hasha! Jiwe la Tissint ni zaha iliyotoka Mirihi. La Thika halijawahi kupita kwenye volkeno yoyote, na ajabu ni kwamba limeangukia eneo ambalo karibu kila jiwe la kujengea limezaliwa na volkeno.

Tulitazame kwa karibu. Kwa nje lina ngozi nyeusi isiyofika unene wa milimita moja, iliyoungua lilipokuwa likipasua hewa. Ukilivunja, ndani ni la kijivu lenye chembe za chuma zinazometameta, na sumaku hulivuta. Wataalamu waliliorodhesha katika kundi la L6, yaani kondraiti, jiwe la angani lililookwa kwa joto kali ndani ya asteroidi bila kuyeyuka. Umri wa mawe ya aina hii ni miaka bilioni 4.5 hivi. Hapo kwenye kuyeyuka ndipo penye siri: gimba likiyeyuka, chuma huzama katikati na mawe mepesi hupanda juu, na hivyo ndivyo sayari inavyopata kiini na ganda. Chuma cha jiwe la Thika bado kimetawanyika humo humo, kama zabibu kavu kwenye keki.

Sasa nenda kwenye timbo lolote kati ya Ruiru na Thika. Mawe ya Ndarugu yanayokatwa kwa mashine na kupakiwa kwenye malori ni majivu ya volkeno yaliyotua na kushikamana. Kokoto nazo mara nyingi ni fonolaiti, zaha ngumu ya kijivu iliyotandaa kwenye nyanda hizi Bonde la Ufa lilipokuwa linaanza kufunguka. Ile ya uwanda wa Kapiti ina umri wa miaka milioni 13 hivi.

Turudi kwa Tissint: Mirihi inajulikanaje ndiko jiwe hilo lilikotoka? Kwanza umri: zaha ya Tissint ina miaka milioni 600 hivi, na asteroidi ndogo zilikuwa zimepoa zamani mno kabla ya hapo. Pili, hewa. Mwaka 1976 vyombo vya Viking vilitua Mirihi na kupima hewa yake. Mwaka 1983 watafiti walikuta gesi za mchanganyiko uo huo zimenaswa ndani ya kioo cheusi cha kimondo kilichookotwa Antaktika. Baada ya hapo ubishi ulikosa nguvu.

Lakini kwangu jambo linalosisimua zaidi, linalounganisha Mirihi na mawe yetu ya volkeno, lilipatikana kule kule Mirihi. Septemba 2012 gari la utafiti la Curiosity lilipima jiwe lenye umbo la piramidi, lililopewa jina la mhandisi Jake Matijevic. Lilikuwa na sodiamu na potasiamu nyingi kuliko mawe ya Mirihi yaliyokuwa yamepimwa awali. Duniani, mawe ya namna hiyo hupatikana kwenye visiwa vya volkeno na kwenye mabonde ya ufa. Mwamba ulio chini sana huyeyuka kidogo tu. Magma hiyo ikipoa, fuwele za mwanzo hujitenga na kuacha uji wenye magadi mengi. Fonolaiti yetu imepitia njia iyo hiyo, ila imefika mbali zaidi.

Uji huo hauachi sodiamu peke yake. Hubeba florini pia, na Curiosity imeigundua florini kwenye miamba ya Mirihi kwa leza yake. Huku kwetu florini hiyo huyeyuka polepole kwenye maji ya ardhini kama floraidi, na baadhi ya visima virefu vya Kiambu na Nairobi hutoa maji yanayopita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya fizi, yataota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Akiyanywa kwa miaka mingi, na yakiwa na floraidi nyingi mno, hata mifupa huathirika.

Kuyachemsha hakusaidii, maji hupungua, floraidi ikabaki palepale. Kinachosaidia ni chujio la kusukuma maji kwa presha kupitia utando, au mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mbinu iliyotumiwa sana Nakuru. Kwa mwenye ploti Ruiru anayechimba kisima, kipimo cha floraidi kwenye maabara ni gharama ndogo akilinganisha na pampu na mabomba, na matokeo yake ndiyo yatakayomwambia kama anahitaji chujio au la.