Kamusi Ndani ya Kompyuta Ndogo: Lugha ya Forth na Majina ya Kiswahili

Sisi wa idara za lugha tumezoea kuziona lugha za programu kuwa ni shughuli ya wenzetu wa kompyuta. Hata hivyo, ipo lugha moja ambayo msamiati wake unatugusa moja kwa moja. Ndani yake kila amri huitwa neno, na maneno yote hutunzwa katika kamusi. Lugha hiyo ni Forth. Makala haya yanaeleza jinsi ilivyoingizwa katika kompyuta za zamani, na jinsi uamuzi mdogo wa kiufundi unavyoweza kuipendelea lugha moja na kuiumiza nyingine.

Chimbuko

Forth ilibuniwa na Mmarekani Charles Moore mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitaka kuiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "ya nne", lakini kompyuta ya IBM 1130 aliyoitumia ilikubali majina yasiyozidi herufi tano. Herufi moja ikaachwa. Kwa hiyo hata jina la lugha yenyewe lilikatwa na mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Moore na Elizabeth Rather waliitumia kuendeshea darubini ya redio huko Kitt Peak, Arizona.

Jinsi inavyofanya kazi

Forth hutumia rundo. Fikiria sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine: iliyowekwa mwisho ndiyo inayoondolewa kwanza. Namba huwekwa juu ya rundo, kisha neno huja kuzichukua. Mwalimu wa hesabu husema "jumlisha tano na kumi". Forth husema "tano, kumi, jumlisha". Kitendo huja mwisho, kama kilivyo kitenzi katika Kiamhara au Kijapani.

Neno jipya huundwa kwa maneno yaliyopo. Nuktambili hufungua maelezo ya neno na nuktamkato huyafunga:

: RUDUFU DUP ;
: ZIDISHA * ;
: ANDIKA . ;
: MRABA RUDUFU ZIDISHA ;

Baada ya hapo, ukiandika 5 MRABA ANDIKA, kompyuta itajibu 25. Mistari mitatu ya kwanza imeyapa maneno ya asili majina ya Kiswahili. Mstari wa nne umeandikwa kwa Kiswahili kitupu, ukiacha alama zake mbili.

Katika kompyuta za zamani

Mwaka 1978 kikundi cha wapenzi wa lugha hii, Forth Interest Group, kilianzishwa California. Kilitoa muundo ulioitwa fig-FORTH, uliochapishwa kwenye karatasi kwa ajili ya prosesa mbalimbali, zikiwemo 6502 na 8080. Mwenye kompyuta aliweza kuuchapa mwenyewe kwenye mashine yake. Mwaka 1982 huko Uingereza ikatoka Jupiter Ace, kompyuta ya nyumbani iliyotumia Forth badala ya BASIC. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 3 tu za kuandikia.

Forth ilitosha humo kwa sababu ya kamusi yake. Katika fig-FORTH jina la neno huhifadhiwa mara moja tu, pale neno linapoundwa. Kila linapotumiwa ndani ya neno jingine, huwekwa anwani yake, yaani baiti mbili, hata jina liwe refu namna gani.

Tatizo la herufi tatu

Baadhi ya Forth za mwanzo zilibana zaidi. Katika kamusi ziliweka idadi ya herufi za jina na herufi tatu za mwanzo tu. Kiingereza chenyewe hakikusalimika: LOOP na LOOK yalihesabiwa kuwa neno moja. Lakini Kiswahili kingeumia zaidi, kwa sababu maneno yetu mengi huanza kwa viambishi. KUPANDA, KUPANGA na KUPOKEA yote yana herufi saba na yote huanza na KUP. KIJANA, KIJIKO na KIJIJI nayo ni hivyo hivyo. Kwa kuwa kamusi hutafutwa kuanzia neno jipya kurudi nyuma, anayeandika KUPANDA angepata KUPANGA ikiwa ndilo lililoundwa baadaye. Ufumbuzi wa haraka ungekuwa kuacha kiambishi, lakini PANDA na PANGA bado yangegongana.

Fig-FORTH ililegeza kamba kwa kuruhusu hadi herufi 31. Tena, katika Forth mpaka wa neno ni nafasi tupu, hivyo NG'OMBE ni jina halali pamoja na ritifaa yake. Lugha nyingi za programu hulikataa.

Funzo

Waliochagua herufi tatu hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakiokoa baiti. Ila walipima kwa lugha waliyoijua, ambayo maneno yake mengi hutofautiana mwanzoni. Hasara kwa lugha zenye viambishi ilijificha ndani ya hesabu hiyo. Mwanaisimu aliyesoma mofolojia ya Kibantu angeiona mapema, kama angeulizwa.

Hivyo basi, wanafunzi wetu wanaopenda istilahi wasingoje programu ikamilike ndipo waitwe kutafsiri. Kwa mazoezi, ipo Gforth, ambayo ni programu huria. Mwanafunzi aanze kwa maneno kumi ya Kiswahili, kisha ayakate yabaki herufi tatu tatu na kuhesabu mangapi yamegongana.